Ubeti wa Pili

Nyumba ya Babu Matiko iko Turwa, pale mji wa Tarime unapoishia na mashamba ya migomba yanapoanza. Kati ya uwanja wake na shule ya msingi kuna ua wa minyaa tu, nao una pengo ambalo watoto wamelitoboa kwa kupitapita. Mtu akikohoa mstarini, Babu anamsikia akiwa kwenye kigoda chake.

Boke alikuwa darasa la sita. Baba yake, Stanslaus, na mama yake waliishi Mbalibali, huko Serengeti, wakilima na kuchunga, na yeye alikaa kwa babu na bibi ili asome karibu. Kazi zake alizijua bila kukumbushwa. Akitoka darasani alivua sare, akachota maji, akafagia banda la mbuzi, kisha akampelekea Babu uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati. Hakukiweka chini. Alikiweka mkononi mwake, kwa sababu Babu alikuwa haoni. Jicho la kulia lilizimika kwanza, la kushoto likafuata mwaka uliofuata, na tangu hapo dunia yote iliingia kwake kwa masikio.

Na masikio hayo yalikuwa masikio kweli! Alimjua mbuzi aliyelia kabla Bibi hajatoka kumtazama. Aliijua pikipiki ya Wiliam wa bodaboda tangu ikiwa kule barabarani.

"Boke," alisema siku moja, "leo umevaa kandambili za bibi yako."

"Babu, umejuaje?"

"Zinalalamika. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye kandambili ya mtu mzima haujui pa kukaa."

Bibi Mokami akacheka jikoni. "Huyo mzee! Hata uvivu wangu anausikia ukitambaa."

Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, Boke alivuka pengo la minyaa kurudi shuleni. Yeye na Steven, mtoto wa Mama Veronika jirani yao, walikuwa skauti wa bendera. Mwalimu mkuu, Mwalimu Scholastica, alikuwa na utaratibu wake na hakutaka upunguzwe hata kidogo. Kwanza filimbi fupi. Kisha mmoja anashusha kamba polepole huku wote wawili wakiimba Wimbo wa Taifa, ubeti wa kwanza na ubeti wa pili, wamesimama wima bila kofia na bila kucheka. Bendera ifike chini pamoja na neno la mwisho, ikunjwe bila kugusa udongo. Halafu filimbi ndefu.

Filimbi fupi ilipolia, wapita njia walisimama palepale walipo. Mwenye baiskeli alishuka. Mama aliyejitwika mkungu wa ndizi alisimama nao kichwani. Filimbi ndefu ilipolia, kila mtu aliendelea na safari yake.

Babu naye alisimama. Alivua kofia yake ya sufu, akajiambia kwa sauti ya chini, "Mguu sawa!" na mgongo wake uliopinda ukanyooka kama wa kijana. Filimbi ndefu ilipolia alijiambia, "Mguu pande!" ndipo akakaa. Alikuwa askari wakati wa vita vya Kagera, na mambo ya jeshi hayakumtoka.

"Nani anakuona hapa?" Bibi alimtania. "Unawasimamia kuku?"

"Kuku nao ni wa taifa hili," Babu alijibu.

Lakini Boke alipomuuliza peke yake, hakutania. Alipapasa ukingo wa kikombe.

"Kule vitani, asubuhi moja tuliimba wimbo huo tukiwa wengi, sauti zikajaa bonde zima. Tukaenda. Jioni tukaimba tena, sauti zikawa zimepungua. Sikutazama pembeni. Nilisikia tu mapengo. Hapa hayupo yule wa Nata, hapa hayupo yule kijana wa Songea aliyeimbia puani. Basi mimi, wimbo ukianza, siwezi kukaa mpaka uishe. Wimbo huo haukatishwi, mjukuu wangu. Si redio ile, ya kuzima ukichoka."

Boke aliitikia, "Ndiyo, Babu," kisha akaenda kucheza rede. Alikuwa mtoto, na maneno ya wazee hukaa kwanza mlangoni kabla hayajaingia ndani.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, timu ya taifa ilikuwa inacheza. Mtaa mzima ulilizungumza jambo hilo tangu asubuhi. Mchezo ungeanza saa kumi na mbili, na kibanda cha runinga cha karibu na stendi kilikuwa kimetundika bendera ndogo mlangoni. Bibi alikuwa ameenda sokoni kuuza ndizi. Mawingu yalikuwa mazito upande wa milimani.

Boke alipofika mlingotini, Steven alikuwa anakanyaga mguu mmoja na kuuinua mwingine.

"Boke, ng'ombe wetu anazaa," alisema. "Mama ameniita, yuko peke yake. Nifanyeje?"

"Nenda bwana. Mimi nitashusha."

"Peke yako?"

"Kwani kamba ni nyati? Nenda!"

Steven akamshukuru, akatimua mbio. Boke akapiga filimbi fupi. Barabarani watu wawili watatu wakasimama. Akaanza kuimba, mkono mmoja ukiachia kamba, mwingine ukiipokea. Sauti yake ilikuwa nzuri na ilivuka ua wa minyaa bila shida.

Ubeti wa kwanza ulipokuwa unaelekea mwisho, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kamba ilikwama kwenye kigurudumu cha juu, na Precious, rafiki yake wa darasani, akachungulia getini.

"Boke! Wachezaji wamepanga mstari! Sasa hivi wanaimba Wimbo wa Taifa kwenye runinga! Njoo, utakosa!"

Boke akamaliza ubeti wa kwanza. Akavuta kamba. Haikuja. Akavuta tena. Bendera ilikuwa katikati ya mlingoti, imelala kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Tone la mvua likamdondokea puani. Akatazama ofisini, walimu walikuwa wameondoka. Mlinzi alikuwa hajafika. Barabarani wale watu walikuwa bado wamesimama, lakini mvua iliwazidi, wakaanza kukimbia.

"Boke wewe!" Precious aliita.

"Nitarudi wakati wa mapumziko," Boke alijiambia. Akaifunga kamba hivyohivyo, akakimbia, filimbi ikimrukaruka kifuani.

Walipofika kibandani wimbo wa wageni ulikuwa unakwisha, wetu ukaanza. Watu wote walisimama, waendesha bodaboda, wauza mitumba, hata mama wa chapati aliacha kikaango chake. Boke naye akasimama wima, mikono ubavuni, akaimba kwa nguvu mpaka jirani akamgeukia na kutabasamu. Alijiona mzalendo kweli. Hakukumbuka kabisa kwamba wimbo wake mwenyewe alikuwa ameuacha katikati, umening'inia shuleni pamoja na bendera.

Wakati wa mapumziko mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Hakurudi shuleni. Alingoja ipungue, kisha akarudi nyumbani moja kwa moja, amelowa, anacheka.

"Babu! Tumefunga moja!"

Babu alikuwa amekaa karibu na moto, amefunikwa blanketi mbili, meno yakigongana. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye suruali yake iliyotundikwa. Bibi alikuwa anamsugua miguu, naye mwenyewe alikuwa bado na kitenge chake cha sokoni, chepechepe.

"Nimemkuta nje," Bibi alisema bila kumtazama Boke. "Mvua yote hii imemwishia mwilini. Amesimama pembeni ya kigoda, kofia mkononi, wima kama mti. Namwambia, Baba Stanslaus, mvua! Ananijibu, subiri, mama, bado hawajamaliza. Saa nzima, Boke! Mtu mzima, saa nzima!"

Boke aliacha kucheka, akaitazama suruali inayochuruzika.

"Ubeti wa pili," Babu alisema, midomo ikitetemeka. "Sijausikia ubeti wa pili. Wala filimbi. Boke, mliimba ubeti wa pili?"

Pale palikuwa pa kusema kweli. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini Bibi alikuwa amekasirika, moto ulikuwa unamwangaza usoni, na Boke akaogopa.

"Tuliimba, Babu," alisema. "Na filimbi nilipiga. Labda ni mvua."

Babu akatikisa kichwa taratibu. Kisha akainua mkono, akajigusa sikio la kulia, akajigusa la kushoto, kama mtu anayepapasa mlango kuona kama umefungwa.

"Basi na haya nayo yanakwenda," alisema.

Alfajiri ya Jumatano mtaa uliamka na msiba usiokuwa na jina. Bendera ilikuwa nusu mlingoti, na kila mtu Tanzania anajua maana yake. Wanawake wa ndizi walisimama getini na mizigo yao.

"Nani amefariki?"

"Redio haijasema."

"Basi ni mkubwa sana. Wakubwa sana hawatangazwi haraka."

Wiliam wa bodaboda alizima pikipiki akampigia kaka yake wa Mwanza, na kaka yake akapiga kwa watu wengine, na kabla ya saa moja watu walikuwa wanapeana pole kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Mwalimu Scholastica alipofika na kuona, alishika kiuno. Mlinzi akapanda ngazi, akaichomoa kamba.

Wanafunzi wakapanga mstari.

"Zamu ilikuwa ya nani?" Mwalimu aliuliza.

Boke na Steven wakatoka mbele.

"Boke, nini kilitokea?"

Boke alitazama viatu vyake. Alisema jambo la kweli, lakini alilikata mahali ambapo lilimfaa yeye. "Steven aliondoka, mwalimu. Kamba ikakwama, nikashindwa peke yangu."

"Steven, uliondoka?"

"Niliondoka, mwalimu. Lakini Boke aliniam..."

"Uliondoka au hukuondoka?"

"Niliondoka."

Mwalimu akamvua skafu ya skauti mbele ya shule nzima. Steven hakulia. Alimgeukia Boke mara moja tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri, kisha akarudi kwenye mstari wake. Wimbo wa Taifa ulipoimbwa asubuhi ile, Boke alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

Nyumbani Babu alikuwa na homa na kikohozi. Bibi alimpeleka zahanati kwa bajaji, wakapewa dawa. Lakini kilichomuumiza Boke zaidi ya kikohozi ni jambo jingine. Habari kwamba Mzee Matiko haoni na sasa hasikii zilikuwa zimezunguka mtaani. Waliokuja kumjulia hali walimwinamia na kupiga kelele sikioni.

"SHIKAMOO, MZEE!" Mama Veronika alipaza sauti, chupa ya maziwa mkononi.

"Marahaba, mama," Babu alijibu kwa upole, akijivuta nyuma kidogo.

"NG'OMBE WETU AMEZAA! NDAMA JIKE!"

"Vizuri. Vizuri sana."

Wageni walipoondoka, Boke alimletea uji. Babu alikipokea kikombe, asinywe.

"Nani ameingia?" aliuliza.

"Ni mimi, Babu."

"Nilidhani ni wewe. Zamani ningejua." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Macho yalipoondoka sikulia. Nilisema, Mungu ameniachia dirisha moja. Sasa hata ukiniambia jambo ninajiuliza, hivi nimesikia, au ninadhani nimesikia? Leo alfajiri jogoo amewika, nikamuuliza bibi yako kama kweli amewika."

Boke alitoka nje, akaegemeza kichwa mlangoni, asisikike akilia. Aliuma kidole mpaka kikauma. Babu wake alisikia kila kitu, hata kandambili zikilalamika, na yeye ndiye aliyemfanya asiyaamini masikio yake. Mvua ilimloweshea Babu mwili. Uongo wake Boke ndio uliomnyang'anya dirisha.

Alhamisi jioni kifua cha Babu kilikuwa kinapiga mluzi. Bibi alitoka kumtafuta Wiliam ili asubuhi wampeleke hospitali. Boke alibaki naye. Saa kumi na mbili filimbi fupi ikalia shuleni. Siku ile wanafunzi wengine walikuwa wamepewa zamu. Babu akajisogeza ukingoni mwa kitanda, akaweka miguu chini.

"Babu, usiamke!"

"Imelia au haijalia?"

"Imelia, Babu."

"Basi nishike."

Boke akamshika. Mwili ule ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi. Wakasimama wote wawili mpaka ubeti wa kwanza ukaisha, mpaka ubeti wa pili ukaisha, mpaka filimbi ndefu ikalia.

"Nimesikia yote," Babu alisema, akihema. "Mbona leo nimesikia yote?"

Hapo Boke hakuweza tena. Alipiga magoti akamshika miguu.

"Babu, masikio yako ni mazima! Jumanne hakukuwa na ubeti wa pili. Sikuimba. Kamba ilikwama, nikakimbilia mpira, nikaiacha bendera katikati. Filimbi sikupiga. Nilikudanganya, Babu. Na shuleni nikamsingizia Steven, akavuliwa skafu, na mimi ndiye niliyemruhusu aende. Mimi ndiye niliyekuacha umesimama."

Boke alingoja kofi au maneno makali. Badala yake alisikia Babu anacheka, kicheko kidogo kilichokatwa na kikohozi.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe haukuimbwa! Nilijua! Nilisema, Matiko, huo wimbo haujaisha." Akajigusa masikio tena, sikio moja baada ya jingine, mara hii kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kisha kicheko kikaisha na uso ukawa mzito. "Boke."

"Naam, Babu."

"Mimi umenirudishia changu. Cha Steven je?"

"Nitasema kesho."

"Wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Alivuliwa skafu ofisini?"

"Hapana, Babu. Mstarini."

"Basi," Babu alisema, akalala.

Ijumaa asubuhi Wiliam na Bibi walimpakia Babu kwenye bajaji, na Boke akavuka pengo la minyaa. Baada ya wimbo aliomba ruhusa akatoka mbele. Aliyasema yote, na safari hii hakuyakata mahali. Mwalimu Scholastica alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Steven, akamfunga skafu yake kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia mbele ya wote, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuuliza swali bila kungoja jibu." Skafu ya Boke ikavuliwa na kuwekwa kabatini mpaka muhula ujao. Boke hakunung'unika. Shingo yake ilikuwa wazi, lakini usiku ule alilala.

Jumamosi asubuhi Bibi alirudi kutoka hospitali peke yake. Bajaji ilimwacha barabarani, akaja kwa miguu taratibu, kofia ya sufu mkononi. Boke alikuwa anafagia. Aliiona kofia, akajua. Ufagio ukamwanguka.

Baba yake Boke, Stanslaus, alifika kutoka Mbalibali na mama na ndugu wengine. Uwanja ulijaa watu, moto ukawaka siku tatu, ng'ombe akachinjwa. Jumatatu saa tisa alasiri Babu Matiko alizikwa pembeni ya nyumba yake, upande wa ua wa minyaa. Mzee mmoja aliyekuwa naye jeshini aliomba waimbe Wimbo wa Taifa kaburini. Mwenyekiti wa mtaa akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, wimbo ule una mahali pake na wakati wake. Tusiutoe hapo, hata kwa uchungu." Yule mzee akainamisha kichwa, akakubali.

Jua lilipoanza kushuka, Steven alikuja msibani, skafu shingoni. Alisimama mbali kidogo na Boke, akichimba udongo kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu amesema kama unataka, uje," alisema. "Mimi nitashika kamba. Wewe utaimba na kupiga filimbi."

"Sina skafu."

"Mwalimu amesema wimbo hauimbwi na skafu." Akageuka kwenda. "Lakini usinitazame. Bado sijapoa."

"Sitakutazama," Boke alisema.

Saa kumi na mbili kamili filimbi fupi ilivuka ua wa minyaa. Msibani watu waliokuwa kwenye mikeka wakainuka, mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wa jikoni wakaacha miiko. Yule mzee wa jeshini akasema polepole, "Mguu sawa," na sauti ya Boke ikaanza.

Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri. Mwanzoni mwa ubeti wa pili sauti ikapasuka, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama inakatika. Steven hakumtazama. Aliiachia kamba taratibu zaidi, akamngojea. Boke akavuta pumzi, akaendelea. Aliimba kila neno, yale aliyokuwa amebaki na deni nayo tangu Jumanne, mpaka neno la mwisho na bendera vikafika chini pamoja. Wakaikunja bila kugusa udongo. Kisha Boke akapiga filimbi ndefu, ndefu kuliko siku zote, mpaka pumzi ikamwisha.

Aliporudi kupitia pengo, watu walikuwa wamekaa isipokuwa Bibi Mokami. Bibi alikuwa amesimama kando ya kaburi jipya, kofia ya sufu mkononi. Aliinama, akaupiga udongo kidogo kwa kiganja, kama anavyopigwa begani mtu anayejulikana sana.

"Mguu pande, Baba Stanslaus," alisema. "Wamemaliza."

Boke alimsogelea, akalia waziwazi. "Bibi, ni mimi niliyemuua?"

Bibi alikaa chini, akamvuta karibu.

"Kifua chake kilikuwa kimechoka siku nyingi, na daktari amesema hivyo. Lakini sitakudanganya kwamba mvua ile haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Utaibeba, mjukuu wangu, nami nitakusaidia kuibeba. Ila usisahau na hili: Alhamisi ulimrudishia masikio yake. Kule hospitali muuguzi alimpazia sauti, naye Babu yako akamwambia, 'Binti, usinipigie kelele, mimi nasikia.' Alikwenda akiwa anajiamini. Ungenyamaza, angekwenda akiwa gizani pande zote."

Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Sikia nikwambie, na uwaambie wenzako. Kazi ndogo ya kushusha bendera jioni, shule ikiwa tupu, mtu huiona haina wa kuitazama. Lakini upande wa pili wa ua kuna mtu amevua kofia, anakungojea wewe. Hukumwona, naye hakukuona. Ndiyo sababu ukianza jambo, limalize. Na likikushinda, sema limekushinda, siku ileile, kwa mdomo wako, usilifunge kamba ukakimbia. Usimwache mtu amesimama."

Boke aliichukua kofia ya sufu mkononi mwa Bibi. Ilikuwa imekauka. Akaingia nayo ndani, akaitundika kwenye msumari wake.